Sir John Kirk na Mpira wa Mwitu

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipotuagiza tuandike maisha ya mtu maarufu aliyekufa zamani, wenzangu wengi walichagua wafalme, mashujaa wa vita na washairi. Mimi nimemchagua tabibu mmoja wa Kizungu, Sir John Kirk. Simchagui kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko wengine. Namchagua kwa sababu nilikata mmea wenye jina lake, na jambo hilo limenikaa moyoni mpaka leo.

Ilikuwa hivi. Mwaka juzi darasa letu lilikwenda kutembelea msitu mmoja wa pwani. Mimi na rafiki yangu tulibaki nyuma ya wenzetu. Tukaona mmea wenye shina jembamba, gumu kama kamba ya nanga, umejizungusha mtini na kupanda mpaka juu kabisa kwenye jua. Nilitoa kisu changu nikaukata karibu na ardhi, bila haja yoyote. Mara utomvu mweupe ukatoka kama maziwa. Tukaupaka mikononi, ukakauka, tukaubandua na kuuviringa hata tukapata mpira mdogo kama ndimu. Tuliupiga chini ukaruka, nasi tukacheka sana.

Askari wa msitu alipotukuta hakutupigia kelele. Aliuangalia mmea, akauangalia mpira wetu, akatueleza kwamba huo ni mpira wa mwitu, ambao wataalamu huuita Landolphia kirkii, na kwamba shina lile lilikuwa limepanda kwa miaka mingi kabla sisi hatujajua kusoma. Tukainamisha vichwa.

Nyumbani nilimsimulia babu yangu nikitumaini atacheka. Hakucheka. Babu ni mtu wa Koyama, kisiwa cha Wabajuni kilichoko kusini ya Kismayo. Alikuwa mvuvi huko mpaka vita vya mwaka 1991 vilipowatawanya watu wetu, akaja Kenya kwa jahazi pamoja na watoto wake. Aliniambia kwamba baba yake alipomfundisha kukata fito na boriti katika mikoko ya bara iliyokikabili kisiwa, jambo la kwanza alilomfundisha ni ipi isiyokatwa. Kisha akaniuliza huyo Kirk alikuwa nani. Sikuwa na jibu. Basi nilikwenda kutafuta habari zake, na hizi ndizo nilizozipata.

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, pwani ya mashariki ya Uskoti. Baba yake alikuwa kasisi. Tangu ujana alipenda mimea kuliko kitu kingine, lakini alisomea utabibu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu mwaka 1854. Wakati huo elimu hizi mbili zilikuwa kama ndugu, maana dawa nyingi zilitoka katika majani, magome na mizizi, na tabibu asiyejua mimea hakuhesabiwa kuwa tabibu kamili. Vita vya Crimea vilipokuwa vikiendelea alikwenda kutumika katika hospitali ya majeruhi huko Uturuki, na hata huko alikuwa akikusanya mimea kila alipopata nafasi.

Mwaka 1858 Dakta Livingstone alikuwa akitafuta watu wa kufuatana naye katika safari ya mto Zambezi. Kirk akachukuliwa awe tabibu na mtaalamu wa mimea. Kazi yake ilikuwa kutibu wagonjwa na kuchunguza ni miti gani na majani gani ya nchi ile yanayoweza kuwafaa watu katika biashara. Safari hiyo ilikuwa ya taabu nyingi. Homa iliwaua baadhi yao, naye mke wa Livingstone alifariki huko mwaka 1862, Kirk akiwa mmoja wa waliomuuguza. Lakini waliona mengi. Mwezi wa Septemba 1859 walifika Ziwa Nyasa.

Mwaka 1860 lilimpata jambo ambalo lingeweza kumvunja moyo mtu yeyote. Walikuwa wakiteremka katika maporomoko ya Kebrabasa, mahali ambapo mto Zambezi unabanwa na majabali. Mtumbwi aliopanda ulizidiwa na nguvu ya maji ukapinduka. Kirk mwenyewe aliokoka kwa shida, lakini madaftari yake, picha za mimea alizozichora kwa mkono, na mimea mingi aliyoikausha kwa uangalifu, vyote vilikwenda na maji. Kazi ya miaka miwili ilipotea katika dakika chache. Hakurudi kwao. Aliendelea na safari, akaanza kukusanya upya, mpaka ugonjwa ulipomlazimisha kuondoka mwaka 1863.

Mwaka 1866 alikuja Unguja kuwa tabibu katika ubalozi wa Uingereza. Alidhani pengine atakaa kidogo, kumbe alikaa miaka 20. Mwaka wa pili alioa. Kwa muda si mrefu alipanda cheo, na kufikia mwaka 1873 alikuwa ndiye balozi mwenyewe.

Katika miaka hiyo hakuacha mimea. Huko Mbweni, nje ya mji, alikuwa na nyumba na bustani. Humo alipanda miti na maua ya nchi nyingi, akipelekeana mbegu na miche na bustani kubwa ya mimea ya Kew iliyoko karibu na London. Alichunguza pia sandarusi, ile gundi ngumu iliyochimbwa ardhini kwenye mrima na kuuzwa ng'ambo kwa kutengenezea vanishi. Watu walibishana ilitoka wapi. Kirk alitazama majani na maua yaliyonaswa ndani ya vipande vya zamani, akaonyesha kwamba vilitoka katika mti wa aina ile ile inayoishi mpaka leo, na kwamba sandarusi ya ardhini ni utomvu wa misitu iliyokwisha kutoweka. Mimi nilipoyasoma haya nilifikiri sana. Watu walikuwa wakichimba utajiri wa msitu uliokufa, na juu ya ardhi hiyo hiyo hapakuwa tena na mti.

Lakini jina la Kirk halikujulikana kwa ajili ya sandarusi. Lilijulikana kwa ajili ya soko la watumwa. Katika mwaka 1873 Waingereza walimtaka Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, apige marufuku biashara ya watu kwa njia ya bahari. Sultani alikataa mara ya kwanza. Kazi ya kumshawishi ikamwangukia Kirk, ambaye alizungumza naye mara nyingi, huku nyuma yake kukiwa na tishio la manowari kuifunga bandari. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ulitiwa sahihi, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mahali pale palijengwa kanisa kubwa ambalo liko mpaka leo. Mwaka 1876 Sultani alipiga marufuku pia misafara ya watumwa ya nchi kavu. Yafaa niseme kweli: utumwa wenyewe haukwisha siku hiyo. Waliokwisha kuwa watumwa walibaki hivyo, na sheria ya kuuondoa utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897. Tena Kirk alikuwa mtumishi wa dola yake, na kila alilolifanya lilizidisha nguvu za Waingereza katika pwani yetu. Hata hivyo, kufungwa kwa soko lile ni jambo kubwa, na hakuna haja ya kulificha.

Jina lake lilifika mpaka kwetu kaskazini. Mwezi wa Oktoba 1875 merikebu za vita za Misri, zilizotumwa na Khedive Ismail, zilikuja zikaiteka Barawa na Kismayo, miji iliyokuwa chini ya bendera nyekundu ya Sultani. Yeyote aliyekuwa akivua samaki Koyama wakati huo alikuwa karibu na mambo hayo makubwa. Barghash alimlalamikia Kirk. Kirk akasafiri kwa manowari mpaka Barawa kujionea mwenyewe na kuwapinga Wamisri. Serikali ya Uingereza nayo ikambana Khedive, na haukupita muda mrefu askari wake wakaondoka. Babu aliposikia habari hii alishangaa sana. Alikuwa hajui kwamba kabla ya Waitalia na kabla ya Waingereza kuitawala Kismayo, Wamisri nao waliwahi kuipigia hodi kwa bunduki.

Kutoka Barawa hiyo hiyo Kirk alipata yule paa mdogo sana, digidigi. Alimpeleka London, na mwaka 1880 mtaalamu mmoja akampa jina la kisayansi, Madoqua kirkii. Kwa hiyo digidigi wa vichaka vya Kismayo anaitwa kwa jina la tabibu wa Uskoti. Kadhalika kima punju, ambaye asili yake ni Unguja, ana jina hilo hilo.

Sasa nirudi kwenye mmea wangu. Wenyeji wa mrima waliujua mpira wa mwitu tangu zamani, na watoto walikula matunda yake yenye ukakasi na utamu. Ni kichaka kisichoweza kusimama peke yake. Mche wake huanza kivulini chini ya miti mikubwa, kisha hushika matawi na kupanda polepole mpaka juani. Huko juu hutoa maua meupe yenye harufu nzuri. Kima na ndege hula matunda yake na kuzitupa mbegu mbali. Utomvu ule mweupe ni dawa yake mwenyewe: mmea ukijeruhiwa, utomvu hutoka ukaziba jeraha na kuwazuia wadudu. Basi mpira wa mwitu hauishi bila msitu. Miti ikikatwa hauna pa kushika, na kima wakiondoka hauna wa kuipeleka mbegu.

Kirk aliuchunguza mmea huu, akapeleka Kew majani na matunda yake, akaeleza kwamba mpira wake ni mzuri kwa biashara. Wataalamu wakaupa jina lake. Nia yake haikuwa mbaya. Aliamini, kama walivyoamini wengi waliofuatana na Livingstone, kwamba watu wakipata bidhaa nyingine ya kuuza wataacha kuuza binadamu wenzao. Mpira ungekuwa badala ya watumwa, nao ni badala njema, nani atakayekataa?

Biashara ikakua upesi. Watu waliingia misituni kwa mapanga. Wachumaji wenye subira waliutoboa mmea hapa na pale, wakaupaka utomvu mikononi ukakauka, wakauviringa kuwa matonge, wakauacha upone. Lakini kadiri bei ilivyopanda, subira ilipungua. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Dunlop, alitengeneza gurudumu la mpira lenye upepo kwa baisikeli ya mwanawe. Baada ya hapo baisikeli na motokaa duniani zikawa zinadai mpira bila kikomo. Mwenye kutoboa leo na kungoja mwaka ujao alijua kwamba jirani yake atakuja kesho akate shina zima. Basi kila mmoja akakata. Katika sehemu nyingi za Afrika mimea ya namna hii ilipungua hata wachumaji wakalazimika kwenda mbali zaidi kila mwaka. Na huko Kongo, katika dola ya Mfalme Leopold, tamaa ya mpira iliwaua watu wengi sana. Bidhaa iliyotumainiwa kuwaokoa watu ikawa sababu nyingine ya kuwatesa.

Ni nini kilichouokoa mmea wenyewe? Nilitumaini kusoma kwamba watu wenye hekima waliulinda. Sivyo. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alikuwa amechukua mbegu 70,000 hivi za mti wa mpira wa Brazili akazipeleka Kew. Zilizoota zilikuwa chache, lakini miche yake ilipelekwa Ceylon na Malaya, na huko yakaota mashamba makubwa. Kufikia mwaka 1913 mpira wa mashamba ulikuwa mwingi na bei ikaanguka. Mpira wa mwitu ukawa haununuliki. Wachumaji wakaacha, na mashina yaliyobaki yakapata nafasi ya kupumua. Haukuokolewa kwa huruma, uliokolewa kwa kukosa bei. Jambo hili linanitia hofu, maana kitu kilichookolewa na bei kinaweza kuuawa na bei.

Kuna mmea mwingine unaofaa kutajwa. Mwaka 1884 Kirk alipeleka Kew kipande cha ua dogo la zambarau, lenye majani manene yenye manyoya, liotalo kwenye mawe yenye kivuli. Kipande hakikutosha kutambuliwa vema, nalo likakaa bila jina. Miaka minane baadaye Mjerumani aitwaye Walter von Saint Paul alilikuta Usambara, akalipeleka kwao, na mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia. Leo liko katika vyungu madirishani duniani kote. Lakini kwao hasa, katika milima ya Tanzania na katika mabonde machache ya pwani ya Kenya, aina zake nyingine zimebaki juu ya majabali machache tu. Mti mmoja unaotia kivuli ukikatwa, jabali hupigwa na jua na ua hufa. Basi kitu chaweza kujulikana na dunia nzima na bado kikatoweka nyumbani kwake.

Kirk aliondoka Unguja mwaka 1886. Alikuwa na huzuni, kwa kuwa mwaka huo Uingereza na Ujerumani zilikatiana nchi za Sultani, na ahadi nyingi alizompa Barghash ziliyeyuka. Alistaafu mwaka 1887. Alishiriki katika mkutano wa Brussels wa mwaka 1889 na 1890 wa kupinga biashara ya watumwa, kisha akaishi Sevenoaks, kusini ya London, na bustani yake. Alifariki tarehe 15 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 89.

Nilipomaliza kumsomea babu habari hizi, alinyamaza kitambo. Kisha akanieleza mambo ya Kismayo ya siku za karibu. Baada ya serikali kuanguka, migunga ya bara ilikatwa kwa maelfu ikachomwa makaa, na makaa yakapakiwa merikebuni kupelekwa nchi za Ghuba. Wenye bunduki walipata fedha, na ardhi ikabaki tupu. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku makaa hayo yasinunuliwe, lakini yaliendelea kupita kwa magendo. Upande wa kusini, mkabala na visiwa vyetu, uko msitu wa Lag Badana, mmoja wa misitu michache ya pwani iliyobaki Somalia. Babu aliuona alipokuwa kijana. Hajui siku hizi ukoje, nami ningependa kuuona kabla bei ya kitu fulani haijaufikia.

Mwaka huu nilirudi katika ule msitu nilioukata mpira. Askari yule alinikumbuka, akanipeleka mahali penyewe. Juu mtini, shina nililolikata linaning'inia kavu, jeusi, halina jani hata moja. Lakini chini, kwenye kisiki, nilikuta chipukizi mbili, ndefu kama kiganja changu. Askari aliniambia kwamba zikiachwa zitapanda, ila mimi nitakuwa mtu mzima kabla hazijafika juu.

Ndugu zangu wasomaji, Kirk alitufundisha majina ya mimea yetu, nasi tumshukuru kwa hilo. Lakini jina halilindi kitu. Yeye alijua mpira wa mwitu unafaa nini, na waliomfuata walijua unauzwa bei gani. Baba yake babu, ambaye hakusoma kitabu cha mimea hata kimoja, alijua ipi isiyokatwa. Elimu hizo zote tatu tunazihitaji, ila mimi nilikwenda msituni na kisu kabla sijapata hata moja. Majuto ni mjukuu, na katika habari hii mjukuu ni mimi. Nanyi mnaokwenda msituni mwaka huu, acheni visu nyumbani.